Shilingi ya Ugoro: Nyumba za Wazee na Wanaozilipia

Mzee aliyenikaribisha hakuniomba chakula. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, katika mojawapo ya makazi ya wazee huku Tanzania Bara. Jikoni maharage yalikuwa yameanza kunukia, na wazee wanne watano walikuwa wameketi juani kuondoa baridi ya usiku. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia marahaba, akauliza habari za nilikotoka, akauliza na watoto. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimebaki vifundo tu, kazi ya ukoma uliopona zamani. Tulipokwisha kujuliana hali akasogea karibu, akashusha sauti: "Mjukuu wangu, huna hata mia tano ya ugoro?"

Kitanda alikuwa nacho. Chandarua alikuwa nacho. Shuka alizopewa na akina mama wa kanisa zilikuwa zimekunjwa vizuri juu ya sanduku lake la bati. Wiki iliyotangulia wafanyakazi wa ofisi fulani walikuwa wamekuja na mchele, mafuta ya kupikia na katoni za sabuni, wakapiga picha na wazee, wakaondoka. "Wanatuletea, Mungu awabariki," aliniambia, "ila wanaleta wanachotaka wao." Nilimpa noti. Hakunituma mimi wala hakumtuma kijana wa jikoni. Alichukua mkongojo wake, akajikongoja hadi kibanda kilicho nje ya lango, akanunua mwenyewe, akabishana na muuzaji kidogo juu ya kipimo, akarudi na chenji ameishika kiganjani. Nadhani kule kubishana ndiko kulikomfurahisha zaidi.

Ombi lile nimetembea nalo muda mrefu. Nilipoanza kusoma habari za nyumba za wazee, za kwetu na za Waingereza ambao sheria zetu za mwanzo zilitoka kwao, niliona kila kizazi kikibishana juu ya majengo: wakae wangapi chumba kimoja, nani apike, nani afue. Ugomvi wenyewe hasa ulikuwa wa fedha, na ndani ya fedha kulikuwa na swali moja: pesa inapita mkononi mwa mzee, au inapita juu ya kichwa chake? Nyumba ambayo mzee ameingia na senti yake, hata iwe ndogo, ni nyumba aliyopanga. Nyumba ambayo ameingia mikono mitupu ni ya wenyewe.

Tumezoea kusema kwamba nyumba za wazee si desturi yetu. Ni kweli kwa mzee aliyekuwa na watu. Penye wazee haliharibiki neno, na mzee mwenye watoto, wapwa na ukoo alikuwa na nafasi yake kwenye jamvi na minofu laini ikitengwa kwa ajili ya meno yake. Lakini heshima ile haikuwa ya umri peke yake. Ilikuwa ya umri pamoja na watu. Mtumwa aliyezeekea kwenye shamba la mikarafuu Pemba hakuwa na ukoo wa kumrudisha kwao. Mjane asiyezaa aliishi kwa hisani ya shemeji. Usukumani kikongwe mwenye macho mekundu, yaliyoumizwa na moshi wa kuni na samadi miaka hamsini jikoni, aliweza kuitwa mchawi na jirani aliyemsaidia kujifungua. Hao ndio walioingia kwanza katika nyumba hizi. Hawakuitwa wazee. Waliitwa wasio na mtu.

Watu wa pwani walikuwa na jibu lao la kale, nalo ni wakfu. Mwenye mali alitenga nyumba au shamba kwa ajili ya Mungu. Kodi na mavuno yakahudumia msikiti, na vyumba vikakaliwa na jamaa, maskini na watu waliokuwa watumwa wa nyumba ile, bila kodi au kwa kodi ndogo. Mwaka 1905, Waingereza wakiwa wameshika hatamu, Zanzibar iliundiwa Kamisheni ya Wakfu ya kusimamia mali hizo, na Mji Mkongwe hadi leo una nyumba za wakfu. Wakfu ulikuwa na kasoro zake: wasimamizi walikula, paa ziliachwa zivuje. Hata hivyo mzee aliyekaa humo hakuitwa kila mwaka mbele ya karani athibitishe kuwa ni fukara. Alikuwa amewekewa haki yake na mtu aliyekwisha kufa, na hakuna aliyeweza kumwambia asubuhi moja kwamba hisani imekwisha.

Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Kwa kijana, uhuru ulimaanisha kuuza nguvu zake anakotaka. Kwa mzee aliyekwisha kuchakaa ulimaanisha pia kwamba hakuna tena bwana anayelazimika kumlisha. Nje ya mji wa Zanzibar, pale Welezo, palikuwa na makazi ya wenye ukoma na nyumba ya maskini. Serikali ilitoa fedha, misheni ya Kikatoliki ikatoa mikono ya kuosha vidonda na kupika uji. Wazee wasio na jamaa, waliowahi kuwa watumwa wakiwemo, waliishia huko. Mpango huo, hela ya serikali na mikono ya masista, utauona tena na tena katika habari hii, maana ni wa bei nafuu: sista halipwi mshahara wa soko.

Wenye kutuletea mpango huo walikuwa na historia yao ndefu. Uingereza ya zamani ililaza wazee wake kwenye nyumba za watawa na nyumba za sadaka zilizojengwa na matajiri walioogopa siku ya hukumu. Nyumba ya St Cross kule Winchester, iliyoanzishwa miaka ya 1130, bado inakaliwa na wazee. Ni wakfu wa Kikristo, ukitaka kuuita hivyo. Kati ya 1536 na 1540 Mfalme Henry VIII akazifunga nyumba za watawa na kutwaa mali yao, na kwa pigo hilo wazee wengi wakajikuta barabarani. Ilichukua miaka sitini hivi kupata mbadala wa kudumu. Sheria ya Maskini ya 1601 ililazimisha kila parokia kutoza kodi ya kuwatunza maskini wake, na ikaweka jambo ambalo wazee wetu wangelielewa mara moja: watoto wenye uwezo walazimike kisheria kuwatunza wazazi wao. Kumbe hata huko hawakuamini kwamba upendo peke yake utatosha.

Kisha ikaja sheria mpya ya maskini ya 1834, na hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu aibu yote inayonuka kwenye neno "nyumba ya wazee" hadi leo ilitengenezwa hapa, kwa makusudi, na watu wenye elimu. Walioitunga walisema kwamba msaada ukiwa mtamu watu wataukimbilia. Kwa hiyo maisha ndani ya nyumba za kazi, ndivyo zilivyoitwa, yawe magumu kuliko ya kibarua maskini kuliko wote nje yake. Unaingia, unavuliwa nguo zako, unavishwa sare. Mume anapelekwa upande wake, mke upande wake, watoto upande wao. Walioandika sheria hiyo walikuwa wakimlenga kijana mvivu, lakini kijana hutoka akapata kazi. Mzee hakuwa na pa kutokea. Mwaka 1847 Bunge liliruhusu wanandoa waliopita miaka 60 wapewe chumba chao, na sehemu nyingi hawakupewa. Miaka miwili kabla ya hapo, katika nyumba ya Andover, ilibainika kwamba watu waliopewa kazi ya kuponda mifupa ya kutengenezea mbolea walikuwa wakiguguna ile mifupa kwa njaa. Nchi ikapiga kelele, viongozi wakabadilishwa vyeo, nyumba zikabaki. Kufikia mwisho wa karne ya 19 sehemu kubwa ya waliokuwa ndani walikuwa wazee na wagonjwa, na Waingereza wengi walihofia kufia huko kuliko walivyohofia kifo chenyewe.

Kilichoanza kuvunja hofu hiyo hakikuwa jengo. Charles Booth, tajiri wa meli aliyehesabu maskini wa London nyumba kwa nyumba, aligundua kwamba ukongwe ulikuwa chanzo kikubwa cha ufukara kuliko ulevi na uvivu, akawa miongoni mwa waliopigania pensheni. Sheria ikapita 1908. Tarehe 1 Januari 1909 wazee waliotimiza miaka 70, wenye kipato kidogo, walikwenda posta kupokea shilingi tano kwa wiki. Tazama mambo mawili. Kwanza ni umri: sabini, wakati ambapo wengi hawakuufikia. Pili ni mahali: posta, dirisha lile lile ambapo kila mtu hununua stempu, na si kwa wasimamizi wa maskini. Mzee hakuhitaji kuinama. Katika miaka michache wazee waliokuwa wakiishi majumbani kwa msaada wa parokia walipungua mno, kwa sababu shilingi tano ziliwatosha kuchangia kodi kwa binti au kwa jirani. Waligeuka kutoka mzigo kuwa wapangaji.

Waingereza hao hao, wakiwa tayari wanawalipa wazee wao pensheni, walituletea sisi kitu kingine. Tanganyika ilipata sheria ya watu mafukara mwaka 1923 na nyingine ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa mwaka 1944. Msingi wa zote mbili ulikuwa dhana moja: Mwafrika ana kwao. Akizeeka au akiugua, arudishwe kijijini, ukoo utamtunza. Kwa dhana hiyo hakukuwa na haja ya kumlipa pensheni wala kumjengea. Manamba walioletwa kwenye mashamba ya mkonge kutoka Songea, Kigoma, Msumbiji na Ruanda-Urundi walikata mkonge ujana wao wote, na mgongo ulipopinda wengine hawakuwa na nauli wala jamaa aliyekuwa akiwakumbuka. "Kwao" kulikuwa kumekwisha. Mkoloni aliitumia nguvu yao, akaiachia uzee wao familia isiyokuwepo.

Wenye ukoma ndio waliojengewa, kwa sababu waliogopwa. Misheni na serikali zilifungua kambi mbali na watu, na baada ya Uhuru kadhaa kati ya kambi hizo zikawa makazi ya wazee. Soma orodha ya makazi ya serikali ya Bara: Nunge pale Kigamboni, Bukumbi kule Misungwi, Kolandoto Shinyanga, Chazi na Fungafunga mkoani Morogoro, Sukamahela Manyoni, Njoro Moshi, Kilima Bukoba, Ipuli Tabora, Nyabange Musoma, Mwanzange Tanga, Nandanga Lindi. Nunge, Bukumbi na Chazi zilianza kama kambi za wenye ukoma. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mchanganyiko wa dawa unaotibu ukoma kabisa, watu walipona, lakini wengi hawakurudi. Mke alikuwa ameolewa kwingine, shamba limegawanywa, watoto wamelelewa wakiambiwa baba amekufa. Wakazeekea pale pale. Babu yangu wa ugoro ni mmoja wao.

Ndiyo maana bango la langoni kwa miaka mingi lilisomeka "Makazi ya Wazee na Wasiojiweza". Sikulipenda hata siku moja neno hilo la pili. Linamwambia mtu aliyelea, aliyelima na aliyelipa kodi ya kichwa kwamba sasa jina lake ni kile asichokiweza.

Azimio la Arusha la 1967 lilitamka kwamba kila mtu ale jasho lake isipokuwa watoto, wakongwe na walemavu. Kwa maneno, mzee aliwekwa mahali pa heshima. Kwa fedha, Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi ulioanzishwa 1964 ulimgusa mwenye ajira peke yake, na nchi ilikuwa ya wakulima. Makazi yakawekwa kwenye bajeti ya ustawi wa jamii, bajeti ambayo siku zote huwa mkiani. Nilizungumza na mtu aliyesimamia makazi fulani kwa miaka mingi. Alinieleza bila hasira: fedha ya chakula ikichelewa, mzabuni hukopesha, akichoka kukopesha huleta maharage peke yake, na wewe msimamizi unakwenda sokoni kuomba mchicha kwa jina lako. Wazee wakikuuliza nyama, unawaambia wiki ijayo. "Kumdanganya mzee ndiyo kazi iliyonishinda," aliniambia.

Pengo hilo likazibwa na dini, na makanisa na misikiti yamezibeba nyumba nyingi ambazo bila wao zisingekuwepo. Nairobi, eneo la Kasarani, ipo Nyumba ya Wazee ya Masista Wadogo wa Maskini. Shirika lao lilianza Ufaransa mwaka 1839, pale Jeanne Jugan alipomchukua kikongwe kipofu nyumbani kwake akampa kitanda chake mwenyewe, yeye akalala kwingine. Hadi leo shirika hilo halikubali kutegemea mapato ya kudumu. Sista huchukua kikapu akaenda sokoni kuomba. Nawaheshimu mno. Ila utakatifu wa wachache haupangiki kwenye bajeti ya nchi, na nchi inayowategemea inakuwa imeamua kwamba mzee aishi kwa bahati ya kuzaliwa karibu na nyumba yao.

Turudi Uingereza, maana baada ya vita kuu ya pili walijaribu kuifuta aibu kwa mkono mmoja. Sheria ya 1948 ilizipa halmashauri wajibu wa kuwapa wazee nyumba, na Waziri Aneurin Bevan akaahidi nyumba ndogo zinazofanana na hoteli. Hesabu yake ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Pensheni ilikuwa shilingi 26 kwa wiki. Mzee angelipa 21 kwa nyumba, akabaki na tano mfukoni. Hata asiye na kitu kabisa angepewa kiasi hicho, ili alipe kama wenzake. Zile tano ndizo tumbaku, ndizo pipi ya mjukuu, ndizo sadaka ya Jumapili. Kuna mtu serikalini aliyekaa mezani akafikiria ugoro.

Ndoto hiyo haikutimia yote. Mwanasosholojia Peter Townsend alizunguka nyumba 173 mwishoni mwa miaka ya 1950, akachapisha kitabu mwaka 1962, na alichokuta ni kwamba wazee wengi walikuwa bado wamelazwa kwenye yale majengo ya zamani ya nyumba za kazi, vitanda vimepangwa safu kwa safu, mtu hana kabati la kufungia barua zake. Jina lilikuwa limebadilishwa, kuta zilikuwa zile zile.

Baada ya hapo wakaingia wafanyabiashara. Kuanzia 1980 hivi, kanuni za msaada zilibadilishwa, mzee maskini akaweza kulipiwa na serikali kuu katika nyumba ya mtu binafsi bila kuulizwa kama kweli anahitaji kuhamia huko. Gharama kwa hazina ilipanda kutoka pauni milioni 10 mwaka 1979 hadi zaidi ya bilioni moja mwaka 1989. Kila mwenye nyumba kubwa pwani ya bahari aligundua kwamba wazee wanalipa. Mwaka 1993 mzigo ukarudishwa kwa halmashauri, zikapimiwa fedha, nazo zikaanza kuwapima wazee. Leo katika England mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe yote, na nyumba yake huhesabiwa katika mali hiyo ikiwa hakuna mwenza anayeishi humo. Kiwango hicho hakijapandishwa tangu 2010. Ada ya zaidi ya pauni 1,000 kwa wiki imekuwa ya kawaida, kwa hiyo nyumba iliyonunuliwa kwa kazi ya miaka arobaini huweza kuliwa katika miaka michache.

Wanasiasa wao wameahidi ukomo wa gharama hizo mara kwa mara. Tume ya Andrew Dilnot iliupendekeza 2011, sheria ikapitishwa 2014, ikaahirishwa, ikatangazwa upya 2021 kwa kiwango cha pauni 86,000, ikaahirishwa tena, ikafutwa Julai 2024. Scotland ilichukua njia yake na tangu 2002 imekuwa ikiwalipia wazee huduma ya kuoshwa, kuvishwa na kulishwa. Ujerumani iliunda bima ya lazima ya matunzo mwaka 1995, Japani mwaka 2000, ambako mtu huanza kuchangia akifika miaka 40. Hao wawili, kwa maoni yangu, ndio walioelewa kwamba uzee si ajali.

Mwaka 2011 ulitoa funzo ambalo wanaotaka kujenga nyumba za wazee za kibiashara huku kwetu walisome kabla ya kuchimba msingi. Southern Cross, kampuni kubwa kuliko zote Uingereza katika kazi hiyo, ilikuwa na nyumba kama 750 na wazee 31,000. Majengo yake mengi yalikuwa yameuzwa, kampuni ikayapanga tena kwa kodi inayopanda kila mwaka. Halmashauri zilipobana malipo, kodi haikubanika. Kampuni ikafa. Wazee 31,000 walisikia kwenye redio kwamba hawajui mwenye nyumba yao ni nani.

Na ndani ya nyumba hizo ni nani anayewainua wazee asubuhi? Ukikaa na Watanzania na Wakenya walioko Uingereza utasikia maneno mawili ya kazi: kubeba maboksi na kuosha wazee. La pili husemwa kwa sauti ya chini. Februari 2022 Uingereza ilifungua viza kwa wafanyakazi wa matunzo kutoka nje kwa sababu wenyeji hawakutosha kwa mshahara uliokuwapo, na Julai 2025 mlango ukafungwa kwa waombaji wapya walioko nje. Mama fulani namfahamu, binti yake huamka saa kumi na moja alfajiri katika mji wa baridi kumgeuza kitandani bibi wa Kiingereza asipate vidonda. Mwisho wa mwezi anatuma fedha. Kwa fedha hiyo mama analetewa dada kutoka kijijini, msichana wa miaka kumi na tisa asiye na mafunzo wala mkataba, anayemgeuza yeye. Nani anamgeuza bibi wa yule dada sijamuuliza. Huo ndio mfumo wetu halisi wa matunzo ya wazee, mkubwa kuliko makazi yote ya serikali na ya dini yakiunganishwa, na hakuna bajeti inayoutaja.

Lakini huku kwetu pia kuna waliofikiria ugoro. Wilayani Muleba, Kagera, ambako UKIMWI uliwaachia bibi wajukuu bila wazazi, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, taslimu. Wasiwasi wa wengi ulikuwa kwamba mzee atapoteza fedha. Bibi walinunua chumvi, sabuni na viatu vya shule. Mwaka huo huo Serikali ya Muungano ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee, iliyosema kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo na kwamba makazi ni hatua ya mwisho. Ilikuwa kauli sahihi. Lakini sera si sheria, na miaka ishirini baadaye wazee walikuwa bado wanaidai sheria yao, ingawa sensa ya 2012 ilikuwa imekwisha kuwahesabu zaidi ya milioni 2.5. Walichopata ni msamaha wa matibabu na dirisha lenye maandishi "Mzee Kwanza", jambo jema, japo mara nyingi nyuma ya dirisha hilo dawa husemwa zimekwisha, akanunue nje.

Zanzibar ilikwenda mbele zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Mzee Karume iliwachukua wazee wasio na uwezo, na nyumba za Sebleni zikawa jina linalojulikana kila mtaa, pamoja na Welezo na, kwa upande wa Pemba, Limbani. Kisha Aprili 2016 ikaanza Pensheni Jamii: kila mkazi aliyetimiza miaka 70, tajiri na maskini, aliyewahi kuajiriwa na asiyewahi, shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka hazina ya Zanzibar yenyewe, bila mfadhili. Mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Kenya nayo, ambayo Katiba yake ya 2010 inawataja wazee katika kifungu cha 57, ilifungua Inua Jamii kwa wote wa miaka 70 mwaka 2018, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na malalamiko ya huko kwa miaka mingi yalikuwa ya kuchelewa kwa fedha.

Sabini, tena sabini. Umri ule ule wa posta ya 1909. Ipo sababu ya kibajeti, naielewa. Lakini mvuvi wa Nungwi na mkata mkonge wa Muheza huzeeka mikono kabla ya miaka, na sera yetu wenyewe husema mzee ni wa miaka 60. Miaka hiyo kumi ya katikati ndiyo ambayo wengi huisukuma kwa kuombaomba.

Wapo wanaosema tujenge makazi zaidi. Najua mikoa ambayo haina hata kitanda kimoja cha umma cha mzee, na kwa asiye na mtu kitanda ni lazima. Ila nikiulizwa fedha ya kwanza iende wapi, nitasema iende mkononi mwa mzee mwenyewe, Bara kama ilivyo Visiwani, kisha makazi yaliyopo yalipwe kwa fungu lililolindwa kisheria lisiloguswa bajeti ikipungua. Mzee mwenye pensheni hupata jamaa wa kumweka. Na akiishia kwenye makazi, anaingia akiwa na sauti ya kusema maharage haya yana mchanga.

Oktoba mosi, Siku ya Wazee Duniani, wengi wetu tutakwenda tena na mchele na sabuni. Tuende. Ukifika, baada ya shikamoo na kabla ya picha, muulize msimamizi: kila mzee hapa anapata shilingi ngapi mkononi kwa mwezi? Jibu atakalokupa liandike, likiwa sifuri liandike hivyo hivyo, ulipeleke kwa diwani na mbunge wako kabla bajeti haijasomwa.